Mkono Kule, Jicho Huku

Alhamisi ni siku ya supu ya njegere, na siku hiyo hata wanafunzi wasioijua njia ya darasani huijua njia ya kantini. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni ikazunguka mpaka kwenye vining'inizo vya makoti. Pihla Rautakoski alisimama humo dakika ishirini nzima, kofia yake ya sufu ya njano imemshuka hadi kwenye nyusi, buti zikimchuruzika theluji, trei mkononi. Hakuifuata supu. Alifuata ile pankeki nene ya tanuri inayotolewa baada ya supu, na jamu yake ya stroberi. Sasa mbele yake alikuwa amebaki mtu mmoja, na kwenye sinia kilikuwa kimebaki kipande kimoja.

Yule wa mbele akakichukua.

Alikuwa kijana mrefu, nywele za rangi ya mchanga zimesimama kama za mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Alivaa ovaroli ya kijani ya wanafunzi wa baiokemia, imejaa viraka vya kumbukumbu za sherehe za wanafunzi kuanzia goti hadi kifundo, na mikono ya ovaroli ameifunga kiunoni.

"Samahani, kaka," Pihla alisema. "Umeona kuwa hicho ni cha mwisho?"

"Nimeona."

"Na nyuma yako umeona kuna mtu?"

"Nimemwona pia. Ndiyo maana nimewahi."

Pihla alitaka kumpa lake, kisha akatega sikio. Sauti ile! Nzito, ya polepole, haina haraka na mtu. Aliijua kuliko alivyoijua ya baba yake. Kwa wiki tano, kila Jumanne na Ijumaa, ilikuwa ikimsomea tarakimu sikioni.

"Hebu sema tena," alisema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Sema 'gramu mbili nukta sifuri nne.'"

Kijana akageuka mzima mzima. "Gramu mbili nukta sifuri nne," alisema taratibu, na uso ukaanza kumwiva. "Pihla?"

"Touko! Kumbe mwizi wa pankeki ni wewe?"

"Nilidhani wewe ni mfupi."

"Na mimi nilidhani wewe una adabu."

Nyuma yao watu walianza kupiga kelele kwamba wanaotaka kuchumbiana wachumbiane pembeni. Touko alikata pankeki katikati kwa ukingo wa kijiko, akampa Pihla nusu yenye jamu nyingi. Pihla akavitazama vile viganja vikubwa, kile kidole gumba chenye kucha iliyopasuka. Ndivyo vyenyewe. Mwenye navyo ndiye aliyekuwa hamjui.

Mambo yalikuwa hivi. Jengo la kemia lilikuwa likikarabatiwa, nusu ya maabara imefungwa kwa maturubai, na nafasi hazikutosha. Wanafunzi wa mwaka wa pili wakagawanywa kwa herufi ya jina la ukoo: A hadi O waingie maabara, P hadi Ö, herufi yao ya mwisho, wakae nyumbani na kompyuta, halafu katikati ya muhula wabadilishane. Kila wa maabara alipewa mwenzake wa nyumbani. Wa maabara ni mkono, wa nyumbani ni jicho na kalamu. Mkono unapima na kusoma kwa sauti, jicho linatazama kwa kamera, linarudia tarakimu, linaandika. Touko Niskala akapenya. Pihla Rautakoski akabaki nje na chumba chake cha hosteli, dirisha moja na birika la kahawa.

Ilimuuma, na hakuficha. Yeye alikuja chuo hiki cha Oulu kushika vitu. Alitaka kunusa dawa, kuunguza vidole, kuvunja chupa na kugombezwa. Badala yake alikaa kitandani na soksi za sufu akitazama mtu mwingine akivunja chupa. Wenzake wa maabara walikuwa wameshajuana majina ya utani, wanakwenda sauna pamoja Ijumaa jioni, wanacheka vichekesho ambavyo mwanzo wake ulikuwa siku ambayo yeye hakuwepo. Asiyekuwepo na lake halipo. Wa nyumbani walijuana kwa vijisanduku vyeusi vya kwenye kioo cha kompyuta, vyenye herufi mbili mbili za majina, na kila mmoja amefunga kipaza sauti chake kwa adabu, asije akamsumbua mtu.

Baada ya Alhamisi ile, simu zikaanza. Kwanza za kazi, kisha za kisingizio cha kazi, kisha kisingizio chenyewe kikafa.

"Unafanya nini, laazizi?" Touko aliuliza.

"Nakununia."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi. Mtu mzima unaamka, unakunywa kahawa, hunipigii?"

"Nilikuwa kwenye baiskeli. Theluji mpaka kwenye mnyororo."

"Mguu ndio unaoendesha baiskeli. Mdomo ulikuwa na kazi gani?"

Walitembea kando ya mto, pua nyekundu, wakila maandazi ya mdalasini ndani ya glavu. Walibusiana mara ya kwanza karibu na mashine ya kahawa, kwa haraka, kisha wote wawili wakaisifu kahawa. Hayo yalikuwa matamu. Lakini Jumanne na Ijumaa zikifika, Touko kule maabara, Pihla huku hosteli.

"Unajua mimi naona nini?" alimwambia siku moja. "Viganja! Viganja vyako tu, saa nne nzima. Kama ningetaka viganja ningekwenda kwa mpiga ramli. Wenzako nawasikia kama majirani nyuma ya ukuta."

"Nitaangalia," Touko alisema.

Ijumaa iliyofuata picha ilikuwa imebadilika. Kamera ilikuwa imepanda juu kabisa, viganja vimekuwa vidogo, lakini sasa zilionekana meza tatu, makoti meupe, na karibu na Touko, msichana mwenye msuko mwekundu mnene kama kamba ya meli. Huyo alikuwa Saimi. Pihla alikuwa akimjua kwa kicheko. Sasa akamjua kwa msuko. Alidhani mafundi wamesogeza kamera. Touko hakumwambia kitu, naye hakuuliza.

Basi ikaja siku ya bureti. Bureti ni mrija mrefu wa kioo uliosimama wima, una mistari midogo na bomba chini. Unadondosha dawa tone kwa tone ndani ya siki mpaka siki igeuke waridi, kisha unasoma dawa imeshuka hadi mstari gani. Kwa hesabu hiyo unajua ukali wa siki. Mtoto anaweza kuifanya, na bado kila mwaka kuna anayelia.

Siku ile maabara ilikuwa na furaha yake. Pihla aliona Saimi akiinua mkono na kuupunga, akicheka, na wawili wengine wakapunga pia. Wanampungia nani kama si Touko, aliyesimama hapo hapo? Touko naye alicheka. Akainama mbele ya bureti kidogo tu, akanyanyuka.

"Kumi na nane nukta sita sifuri," alisoma.

Pihla akatazama. Kwenye picha, maji yalisimama wazi kabisa kwenye nukta nne. Alivuta picha karibu. Nne. Huyu yuko na msuko, si na bureti, aliwaza.

Angeweza kusema. Lakini juma lililopita alimkosoa kwa kipaza sauti, na meza nzima ikamcheka Touko: "Leo bibi kakugombeza!" Masikio yalimwiva mpaka mwisho wa kipindi. Kumwaibisha mtu mbele za watu kwao ni jambo baya kuliko kukosea. Kwa hiyo Pihla alitafuta njia ya adabu.

"Kumi na nane nukta sita sifuri," alirudia kwa sauti tamu. Na kwenye daftari la kompyuta akaandika kumi na nane nukta nne sifuri.

Akafanya hivyo mara tatu. Akaona amemsitiri mpenzi wake.

Jumatatu Kerttu, mwalimu wao wa maabara, aliwaita wote wawili kwenye simu ya video. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, nywele za mvi amezikata fupi, na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani.

"Nina karatasi ya Touko ya mezani," alisema, "na nina daftari la Pihla. Bureti ilikuwa moja. Tarakimu ni za bureti mbili. Nani kabadilisha?"

Pihla alifungua mdomo. Touko akamtangulia.

"Huenda nilisoma vibaya."

Hapo ndipo Pihla alipopaswa kusema. Hakusema, kwa sababu moyoni aliona ni kweli: huyo kakiri mwenyewe. Akakaa kimya, uso umenyooka, na ukimya wake ukaonekana kwenye kioo mbele ya wote watatu.

"Huenda si jibu la maabara," Kerttu alisema. "Zoezi limefutwa. Vipindi vyenu vingine vinasimama mpaka Jumanne ya wiki ijayo; siku hiyo mtalirudia, wote wawili mezani, nitawapa ruhusa. Likivurugika tena, kozi mtaisoma upya mwakani. Na kusoma vibaya ni kosa dogo. Kuandika namba ambayo hukuambiwa ni kosa jingine kabisa."

Simu ya Touko iliingia kabla kioo hakijazima.

"Kwa nini ulirudia sita ukaandika nne?"

"Kwa sababu ilikuwa nne! Mimi nina macho, Touko."

"Ungeniambia."

"Mbele ya Saimi wako?"

"Saimi kaingiaje hapa?"

"Si ndiye alikuwa anakupungia? Mnapungiana, mnacheka, bureti inasomwa na nani? Mimi huku nimefungiwa kama kuku wa mayai, nakufichia aibu, halafu unanipigia kelele!"

"Sijapiga kelele."

"Piga basi! Afadhali upige!"

Touko hakupiga. Alivuta pumzi, na aliposema sauti ilikuwa ndogo. "Mimi nilikuwa nakusomea, Pihla. Kumbe wewe ulikuwa unanikagua."

Simu ikakatika. Pihla aliitupa kitandani, ikaruka, ikaanguka nyuma ya kitanda mahali pasipofikika bila kusogeza kabati. Alilia kwa hasira huku akisukuma kabati. Kisha, kabla hasira haijapoa, akamwandikia Kerttu barua pepe: nusu ya pili ya muhula, apewe mwenza mwingine. Hasira hasara, lakini nani hukumbuka methali akiwa amesukuma kabati? Kerttu alijibu kwa mstari mmoja: tutaongea baada ya Jumanne.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kimya cha watu wa Oulu hakina mshindo; kinakaa tu, siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Touko hakupiga. Pihla aliandika "Uko sawa?" akafuta. Akaandika "Mshenzi wewe" akafuta. Alipika makaroni akayala yakiwa yamepoa. Alhamisi hakwenda kantini. Jumamosi alijikuta anafungua daftari la kompyuta anazisoma zile nne zake tatu, na kwa mara ya kwanza zikamtia wasiwasi. Kama kweli alikuwa na uhakika, mbona hakusema?

Jumanne alivaa koti jeupe ambalo tangu Septemba halijatoka kwenye mfuko wake. Mikunjo ilisimama kifuani kama ya ramani. Miwani ya kinga ilimbana pua. Maabara ilinuka siki na plastiki ya joto, na kwa muda alisahau ugomvi, akasimama mlangoni akivuta harufu.

"Wewe ndiye Pihla!" Msuko mwekundu ulimjia mbio. "Jamani, kumbe ana miguu! Mbona siku zote hutupungii?"

"Nipunge nani?"

"Sisi! Kila Ijumaa tunakupungia mpaka mabega yanauma. Huyu bwana wako kapanda juu ya kigoda, akaifunga kamera kwenye bomba la dari, akatuhamisha wote upande huu wa meza. Ati unakaa peke yako na unaona viganja tu. Akatuamuru, mkianza kazi mpungieni Pihla. Hukutuona?"

Pihla aliwaona. Aliwaona vizuri sana. Alimtafuta Touko, alikuwa amewapa mgongo, anaosha bureti, shingo nyekundu.

"Habari," Pihla alisema alipomfikia.

"Nzuri." Alimwekea chupa ya dawa bila kumtazama. "Dondosha wewe. Nitaandika."

Pihla alifungua bomba. Tone, tone, tone. Alipitiliza, siki ikawa nyekundu kama juisi, akamwaga, akaanza upya. Touko alimsogezea siki nyingine. Mara ya pili waridi hafifu likaja, likakaa. Pihla akapiga magoti mpaka jicho lake likalingana na maji.

Kumi na nane nukta sita sifuri.

Alibaki pale chini. Kisha akakivuta kigoda, akapanda, akasogeza kichwa kando ya ile kamera darini na kutazama chini, kwa mshazari, kama alivyokuwa akitazama wiki zote. Maji yaleyale, mrija uleule. Nukta nne.

Akashuka, akapiga magoti. Sita. Akapanda. Nne.

"Unafanya nini?" Touko aliuliza.

"Kamera iko juu mno," Pihla alisema. "Ukitazama kutoka juu maji yanaonekana yamesimama kwenye mstari mwingine. Wewe ulisoma sawa. Mara zote tatu ulisoma sawa. Na kamera uliipandisha kwa ajili yangu."

"Sikufikiria bureti," Touko alisema. "Nilifikiria wewe tu."

Pihla akageukia chumba. "Kerttu! Namba nilizibadilisha mimi. Touko hajui kitu."

Kerttu alikuja, akashusha miwani ya kichwani, akapanda kigoda na viatu vyake, akatazama, akashuka, akatazama tena.

"Yaandike yote hayo," alisema. "Kamera, kigoda, na ulichofanya. Zoezi nitalipokea. Onyo litakuwa lako peke yako." Kisha, bila ubaya wowote, kwa sababu hakujua: "Na lile ombi lako la kubadilishiwa mwenza, bado lipo?"

Touko alivua miwani ya kinga. "Uliomba kubadilishiwa?"

"Niliomba siku ile ile. Nilikuwa na hasira." Pihla alimgeukia mwalimu. "Nalifuta, Kerttu. Lifute."

"Mwenza ni watu wawili," Kerttu alisema. "Na yeye aseme. Ana muda hadi Ijumaa asubuhi."

Touko aliisuuza bureti kwa maji mara tatu kama inavyotakiwa, akaining'iniza, akatoka. Pihla alimkuta kwenye makoti akihangaika na zipu iliyokwama.

"Niache nikusaidie."

"Naweza."

"Touko, nimekosa. Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nimeshakusamehe." Zipu ilikataa, akaiacha wazi. "Lakini Ijumaa tunabadilishana. Wewe mezani, mimi nyumbani. Ukuta ni uleule. Hapa umeniamini kwa sababu umepiga magoti ukaona. Nikiwa kule na wewe huku, nani atapiga magoti?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Sijui. Ningejua ningesema."

Akatoka kwenye theluji na zipu wazi. Pihla aliupiga teke ukuta, akaumia kidole, akasema neno ambalo bibi yake asingependa.

Ijumaa Touko hakuwa amepiga simu. Pihla alifika wa kwanza, akaishusha kamera kutoka darini, akaifunga sawa na kimo cha bureti, akaona haya kuitengua kazi ya Touko, kisha akaona bora aibu kuliko ile nne. Saimi, ambaye sasa kikundi chake kilikuwa nyumbani, hakuwepo. Meza za jirani zilikuwa na watu asiowajua, vile vijisanduku vyeusi vya herufi mbili mbili, leo vina pua na mafua. Waliangaliana kwa haya. Mmoja akasema hali ya hewa ni mbaya, wote wakakubali.

Akaweka kipokea sauti sikioni. Kimya. Hakujua nani yuko upande wa pili, wala hakuthubutu kuuliza. Alijaza bureti, akafungua bomba. Tone kwa tone mpaka waridi.

"Umefika?" sauti nzito iliuliza.

Pihla alishika ukingo wa meza. "Nimefika. Na wewe... umekubali?"

"Nimemwandikia Kerttu saa mbili asubuhi."

"Na hukunipigia? Mtu anakufa huku!"

"Nilikuwa natafuta cha kusema. Sikukipata."

"Touko, wallahi nitakuchapa. Haya, tazama. Kamera nimeishusha, iko sawa na maji. Unaiona mistari?"

"Siioni. Picha nimeizima."

"Mbona? Imeharibika?"

"Nzima. Nimeizima mimi. Sitazami."

"Sasa utaandika nini?"

"Utakachoniambia."

Pihla alipiga magoti sakafuni, goti moja kwenye kitu kilichomwagika. Akasogeza jicho mpaka likalingana na maji. Alisoma kimya mara ya kwanza, akasoma mara ya pili, kwa maana hajawahi kuogopa kukosea kiasi kile.

"Ishirini na moja nukta tatu tano."

"Ishirini na moja nukta tatu tano," Touko alirudia, na vitufe vikasikika vikibonyezwa, kimoja kwa kila tarakimu. "Nimeandika. Inayofuata."

Machozi yalimjaa Pihla ndani ya miwani ya kinga, na glavu zilikuwa na dawa, hakuweza kuyafuta.

"Inayofuata," Touko alisema tena. "Mbona kimya?"

"Ngoja. Sioni kitu."

"Basi nangoja," alisema, na akangoja.